Msimpunguze Buckethead

Kuna hukumu imerudiwa mara nyingi mno, hata wanaoitoa hawaoni tena haja ya kuitetea. Inasema kwamba Buckethead ni mcharaza gitaa wa ajabu, ila hajui kuchuja. Laiti angetulia mwaka mmoja, akachagua vibao vyake kumi bora na kutupa vilivyobaki, angetuachia albamu moja kubwa badala ya lundo. Kila kazi yake inapotajwa, lawama ni ileile: haina ulinganifu. Hapa kuna kibao cha kukutoa machozi, pale kuna mchezo wa kelele, kisha kinafuata kipande kinachopita bila kuacha alama.

Naipinga hukumu hiyo tangu mzizi wake. Nitaipinga kwa albamu ambayo, kwa kuitazama juujuu, inawapa wapinzani wangu ushahidi wote wanaoutaka: Crime Slunk Scene ya mwaka 2006, albamu ya ala tupu ya metali iliyochanganyika na mengine mengi. Hailingani, hilo silikatai. Ninachokataa ni hatua wanayoipiga baada ya hapo, ya kudhani kwamba kutolingana ni uchafu ambao msanii mwenye nidhamu angeusafisha kabla ya kutukabidhi kazi yake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na mtu huyu: jina lake la kuzaliwa ni Brian Patrick Carroll, alizaliwa mwaka 1969, akakulia kusini mwa California, karibu na Disneyland. Jukwaani huvaa kinyago cheupe kisichoonyesha hisia yoyote, na kichwani hupindua ndoo ya kuku wa kukaanga. Hasemi na hadhira. Katikati ya onyesho huacha gitaa, akacheza dansi ya roboti, akazungusha nunchaku, akagawia watu midoli. Hadithi aliyojitungia ni kwamba alilelewa na kuku bandani. Ila mikono iliyo chini ya vichekesho hivyo ni mikono iliyosoma. Ujana wake alipata mafunzo kwa Paul Gilbert, mmoja wa wapiga gitaa wenye kasi kubwa zaidi Marekani. Mwaka 1992 albamu yake ya Bucketheadland ilitoka kwenye lebo ya Avant ya John Zorn, na mwaka huohuo akawa ndani ya kundi la Praxis pamoja na Bill Laswell, Bootsy Collins na Bernie Worrell. Humo besi na kinanda vya watu waliolea fanki ya Parliament-Funkadelic vilikutana na gitaa la metali, na hakuna aliyempisha mwenzake.

Tangu hapo hajapumzika. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Wazo la kuchuja lina historia, na historia hiyo ni ya kiwanda kuliko ya sanaa. Kampuni ya Columbia ilipoingiza sokoni santuri ya LP mwaka 1948, kila upande wake ulibeba takriban dakika 22 za muziki. Saa za studio zililipiwa fedha nyingi. Santuri ilibidi ichapwe kiwandani, ipakiwe, isafirishwe, ipewe nafasi kwenye rafu ya duka. Mwenye vibao thelathini alilazimika kuacha ishirini, apende asipende. Kutokana na ulazima huo kukazaliwa heshima. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, albamu ilianza kusomwa kama riwaya, yenye mwanzo na kilele na mwisho, na mchambuzi akajipa kazi ya kuukagua umoja wake. Sina ugomvi na albamu za aina hiyo. Zipo ninazozipenda kwa moyo wote. Nagombana na wale waliochukua sharti la mtambo na mfuko wa mwenye kampuni wakaligeuza kuwa sheria ya muziki, kisha wakamhukumu kwa sheria hiyo mtu ambaye hakufungwa na mtambo wala mfuko huo.

Maana Buckethead, kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, ametoa muziki wake mwenyewe au pamoja na watu wachache anaowaamini. Crime Slunk Scene ilianza kuuzwa kwenye ziara yake, mkononi, kwa watu waliokuja kumsikiliza. Mwaka 2007 alitoa In Search of The, diski kumi na tatu alizozichorea na kuzipa namba kwa mkono wake. Mwaka 2011 alianza mfululizo anaouita Pikes, albamu fupi za takriban nusu saa kila moja, na mwaka 2015 pekee akatoa 118. Oktoba ya mwaka huo ilikuwa albamu kila siku, siku thelathini na moja mfululizo, akihesabu kuelekea Halloween. Mtu anayefanya hivi hajasahau kuchuja. Ameamua kwamba mlango ubaki wazi.

Wapinzani husema uamuzi huo ni uvivu. Kazi ngumu, wanasema, iko kwenye kukata. Hili linastahili jibu la kina, na jibu lake limo ndani ya maisha ya mtu huyuhuyu.

Mwaka 2000 Buckethead aliingia Guns N' Roses, kundi ambalo Axl Rose alikuwa amebaki nalo baada ya wenzake wa zamani kuondoka. Januari 2001 alikuwa nao jukwaani Rock in Rio, mbele ya umati mkubwa kabisa, na ndoo yake kichwani. Studio walimjengea banda la kuku arekodi akiwa ndani yake. Kundi lilikuwa likitengeneza Chinese Democracy, na kama kuna albamu katika historia ya roki iliyochujwa, ni hiyo. Ilirekodiwa na kurekodiwa upya, watayarishaji wakaja na kuondoka, wapiga gitaa wakaja na kuondoka, solo zikawekwa juu ya solo. Gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2005 kwamba gharama zilikuwa zimefika dola milioni 13. Buckethead aliondoka mwaka 2004. Albamu ilitoka Novemba 2008.

Na ikatoka hailingani. Yeyote aliyeisikiliza anajua kwamba ina vibao vya fahari na vibao vilivyobebeshwa mzigo mpaka vikainama. Miaka yote ile ya kuchagua, kukata na kupaka rangi upya haikuleta ule umoja unaodaiwa kwamba unapatikana kwa subira. Humo ndani, baadhi ya dakika zenye uhai zaidi ni solo za yule mtu wa ndoo, kama ile ya kwenye "There Was a Time", aliyekuwa ameshaondoka miaka minne nyuma. Katika miaka hiyohiyo alikuwa akitoa albamu zake moja baada ya nyingine: mwaka 2002 tu zilikuwa tatu, na Crime Slunk Scene ikafika sokoni miaka miwili kabla ya Chinese Democracy. Anayeniambia kwamba kazi nzuri huzaliwa kwa kuchuja anieleze kwa nini, kati ya njia hizo mbili, ile ya haraka ndiyo iliyotupa kibao ambacho mashabiki wake duniani kote wanakiomba kila anapopanda jukwaani.

Kibao hicho ni "Soothsayer", na kimo ndani ya Crime Slunk Scene.

Tuitazame sasa albamu yenyewe. Inafunguliwa na "King James", zawadi kwa LeBron James, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyekuwa bado kijana wa Cleveland wakati ule. Ni muziki wenye misuli, unaokimbia na kuruka kama uwanja wa mchezo wenyewe. "Gory Head Stump 2006" inarudi kwenye jina ambalo Buckethead alilitumia tangu Bucketheadland, miaka kumi na minne nyuma, na kulikanyagakanyaga upya kwa gitaa zito. "Mecha Gigan" inachukua jina la dude la filamu za Kijapani za Godzilla. "Mad Monster Party" ni jina la filamu ya vikaragosi ya mwaka 1967. Kuna kibao kinachompambanisha Kanali Austin, yule mtu wa chuma wa televisheni ya miaka ya 1970 aliyekimbia na suti nyekundu ya mazoezi, na Kanali Sanders wa kuku wa kukaanga. Kuna vipande, kama "Electronic Slight of Hand", ambavyo binafsi huviona vyepesi: vinaonyesha ufundi, vinapita, sivikumbuki kesho yake. Katikati ya vinyago na madude na vitimbi hivyo, bila kukupa onyo, anakuwekea takriban dakika tisa za majonzi alizozitoa kwa shangazi yake.

"Soothsayer" inaanza kwa gitaa safi, nyuzi zikidonolewa moja moja, bila haraka. Ngoma zinaingia kwa adabu. Kisha unakuja wimbo wa gitaa la juu, rahisi kiasi kwamba ungeweza kuuimba baada ya kuusikia mara ya pili, na anaurudia bila kuona haya, kama mtu anayelitaja jina la marehemu au la mpendwa aliye mbali. Sauti inaanza kukwaruza. Uzito unaingia. Na pale mwili wako unapokuwa umeshazoea mwendo ule wa pole, mkono wake unafunguka: noti zinamwagika kwa kasi ambayo kwenye vibao vingine ilikuwa ya kucheza na kutisha, lakini hapa kasi ileile imekuwa kilio. Sijui mpiga gitaa mwingine wa kizazi chake aliyeweza kuigeuza mbinu ya sarakasi kuwa maombolezo bila kubadilisha hata kidole.

Sasa fanyeni kama mnavyotaka yeye afanye. Chukueni mkasi. Toeni "Mecha Gigan", toeni Kanali wawili, toeni karamu ya madude, bakizeni yale mazito na ya huzuni. Mtapata albamu iliyonyooka. Na "Soothsayer" itakuwa ndani yake kibao kimoja cha huzuni miongoni mwa vibao vya huzuni. Nguvu yake inatokana na kwamba inamjia msikilizaji aliyekuwa akicheka. Dakika chache kabla alikuwa kwenye mchezo wa mtoto, na mtoto yuleyule, kwa sauti ileile, anamwonyesha kidonda. Mwondoeni mtoto anayecheza, na kidonda kinabaki bila mwenyewe.

Wapo watakaonijibu kwamba huku ni kumtafutia udhuru mtu asiyeweza kutunga albamu yenye umoja. Huyu mtu anaweza, na alishafanya. Mwaka 1998 alitoa Colma, iliyopewa jina la mji ulio kusini mwa San Francisco, mji wenye makaburi mengi kuliko watu walio hai. Aliirekodi wakati mama yake akiwa mgonjwa, akitaka muziki ambao mama angeweza kuusikiliza kitandani. Ni albamu ya upole tangu mwanzo hadi mwisho. Gitaa halipigi kelele, na vipande kama "For Mom" na "Watching the Boats with My Dad" vinakaa katika hali moja ya moyo bila kutikisika. Mwaka 2002 akaja na Electric Tears, pia tulivu mwanzo mwisho, gitaa karibu peke yake usiku kucha. Zote mbili zina umoja ambao mchambuzi yeyote angeupa alama kamili. Kwa hiyo, alipotengeneza Crime Slunk Scene miaka minne baada ya Electric Tears, alijua vizuri jinsi ya kunyoosha albamu. Hakuinyoosha kwa sababu alitaka kitu kingine.

Na alichokitaka amekieleza tangu mwanzo, kwa yeyote aliye tayari kumsikia. Bucketheadland, jina la albamu ile ya 1992, ni jina la bustani ya burudani aliyoibuni kichwani mwake, ya kwake mwenyewe, iliyojaa roboti, majini, kuku na vifo vya kuchekesha. Mtoto aliyekulia karibu na Disneyland akajijengea Disneyland ya kutisha. Ndiyo ramani ya muziki wake wote. Katika bustani kama ile kuna mtambo unaokupandisha angani mpaka moyo unasimama, kuna kijumba cha mizuka kilichotengenezwa kwa mbao na rangi, kuna farasi wa kuzunguka wanaowafaa watoto wadogo tu, na kuna benchi la kukaa ukapumua. Anayeingia na kudai kila kitu kimpandishe moyo kwa kiwango kilekile amekosea mlango. Haki ya kazi yoyote ni kupimwa kwanza kwa mpango wake yenyewe. Crime Slunk Scene ilipangwa kama ziara ya bustani hiyo, na kwa mpango huo imefanikiwa kwa namna inayonifurahisha kila ninapoirudia.

Hoja nyingine ya wapinzani, nayo naiona kuwa dhaifu kuliko zote ingawa husemwa kwa uhakika mkubwa, ni kwamba mtu wa nje angemsaidia: mtayarishaji mkali, kampuni yenye masikio, mtu wa kumwambia "hiki kibaki, hiki kiende". Dhana iliyofichwa humo ni kwamba mchujaji angechagua sawasawa. Kwa nini tuamini hivyo? Fikirini kampuni inayopokea kazi ya mpiga gitaa asiye na mwimbaji. Inatafuta nini? Kitu kifupi, chenye kishindo, chenye kichekesho cha kuuzia video. Kipande cha dakika tisa bila neno hata moja, kinachoanza polepole, kwa ajili ya shangazi, ndicho kingekuwa cha kwanza kutupwa. "Soothsayer" haikusukumwa na redio wala haikupewa kampeni. Imepanda kwa sababu watu waliipata ndani ya lundo, wakaishika, wakawapa wenzao.

Ushahidi wa pili ni "Jordan", kibao alichomtungia Michael Jordan. Kwa miaka alikipiga jukwaani tu, bila kukiweka kwenye albamu yoyote. Kilirekodiwa studio kwa ajili ya mchezo wa video wa Guitar Hero II mwaka 2006, kikawekwa humo kama zawadi ya ziada, na vijana waliokuwa wakibonyeza vitufe vya rangi mbele ya televisheni wakakifanya kuwa mojawapo ya kazi zake zinazojulikana zaidi. Msanii mwenyewe hakukipa nafasi kwenye albamu. Hadhira ndiyo iliyoamua. Ikiwa mtunzi, aliyekaa na muziki wake usiku na mchana, hawezi kutabiri ni kipi kitakachoingia mioyoni mwa watu, yule mchujaji wa ofisini atatabiri vipi? Njia ya uhakika ya kutoipoteza "Soothsayer" ijayo ni kuacha yote yatoke.

Wasikilizaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulielewa hili, maana tumelelewa na muziki wa gitaa usiochujwa. Franco na OK Jazz yake, tangu 1956 hadi alipofariki mwaka 1989, walirekodi mamia kwa mamia ya nyimbo. Zimo zilizobadilisha maisha ya watu kutoka Kinshasa hadi Mombasa, na zimo zilizotungwa kwa ajili ya wiki ile tu, zikachezwa, zikasahauliwa. Sijamsikia mtu wa Lubumbashi au Dar es Salaam akilalamika kwamba Franco angepunguza. Tulizipokea kama zinavyokuja, tukachagua zetu. Na kwenye sebene, waimbaji wanaponyamaza na magitaa yakabaki yakisemezana dakika baada ya dakika, hakuna aliyedai kwamba kila mzunguko uwe bora kuliko uliotangulia. Tulijua kwamba mzunguko wa saba ni mtamu kwa sababu wa sita ulikuwa wa kawaida. Nashangaa kuona vijana wetu wanaopenda metali, walio na urithi huo masikioni, wakiazima kipimo cha albamu nyoofu na kumpimia Buckethead bila kukihoji.

Kuhusu shutuma ya kasi tupu isiyo na roho, sitatumia muda mwingi. Wanaoitoa wamesikiliza kwa macho. Wameona ndoo, kinyago na vidole vinavyokimbia, wakafunga hesabu. Kasi ni sehemu tu ya lugha yake. Angalia vile vitufe vyekundu kwenye gitaa lake jeupe la Les Paul: ni vya kukata sauti. Akivibonyeza harakaharaka, noti ndefu inakatwakatwa ikasikika kama roboti anayegugumia, mashine inayojaribu kusema. Mtu aliyefunika uso, asiyesema jukwaani, amechagua kulifanya gitaa lake ligugumie. Anayesikia mbwembwe tu hapo ameamua kutosikia. Mwaka 2017, katika mazungumzo ya nadra kabisa, alieleza kwa sauti yake kwamba ana tatizo la moyo. Wanaodai kwamba uwingi wa kazi zake ni uzembe wangefaa kujiuliza mtu mwenye moyo wa namna hiyo anaweka wapi haraka yake.

Linabaki pingamizi moja ambalo naliheshimu. Muda wa msikilizaji una thamani. Mtu anayefanya kazi kutwa na kupata saa moja ya muziki jioni ana haki ya kutopewa kipande chepesi ambacho hata mtetezi kama mimi nakiri kwamba sikikumbuki. Nakubali. Kutolingana kuna gharama, na anayeilipa ni msikilizaji. Lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko inavyodaiwa, na mnunuzi anaijua kabla ya kulipa. Hakuna anayelazimishwa kusikiliza Pikes zote. Zaidi ya mia tatu zipo, na nadhani ni wachache mno waliozimaliza. Albamu moja ya saa moja hivi, yenye kipande kimoja au viwili vya kupita, haimwibii mtu jioni yake. Na kwa gharama hiyo ndogo msikilizaji anapata kitu ambacho albamu nyoofu haiwezi kumpa: kumsikia mtu akifanya kazi, akijaribu, akikosea, akicheza, kisha ghafla akifika mahali ambapo yeye mwenyewe huenda hakujua kwamba anakwenda. Kwangu mimi furaha hiyo ina thamani kubwa kuliko ukamilifu. Ukamilifu ninaupata kwingine, wala haunipungukii.

Kuna jambo ninawaomba wachambuzi wenzangu. Mkiandika kwamba albamu hailingani, endeleeni mpaka mwisho wa sentensi. Semeni hailingani kwa sababu gani, na semeni kilicho bora ndani yake kingekuwa na nguvu gani bila kile mnachokiita dhaifu. Mkishindwa kulijibu hilo, basi mlichoandika ni malalamiko ya mtu aliyetaka albamu nyingine. Wengi wa waliompa Buckethead alama ya wastani hawakulijibu. Walihesabu vipande vizuri, wakahesabu vibaya, wakagawanya. Muziki haugawanywi hivyo. Dakika tisa za "Soothsayer" hazipungui ukubwa kwa sababu "Electronic Slight of Hand" ilipita bila kishindo.

Na wewe msomaji, usianze na orodha za "bora zake kumi" zilizotengenezwa na watu wengine. Tafuta Crime Slunk Scene. Isikilize yote, kwa mpangilio aliouweka mwenyewe, bila kuruka, kuanzia "King James". Vumilia madude. Cheka na Kanali wawili wale. Ukifika "Soothsayer", usiisimamishe katikati. Ukimaliza, chukua kalamu ukate unachotaka kukata, kisha uisikilize tena ikiwa imepunguzwa. Mimi nimeifanya kazi hiyo, na nimeirudisha albamu kama ilivyokuwa.